Mchangiaji wa Kumi na Tisa

Pale barazani walimwita Bi Nukta, na mtu asidhani kwamba jina hilo alipewa kwa mapenzi. Alipewa na makarani wenzake siku alipomrudishia Katibu kurasa arobaini kwa ajili ya nukta moja iliyokaa pasipo pake. Katibu alifoka mpaka mishipa ya shingo ikamtutumka. Bi Nukta akamsubiri amalize, halafu akasema, "Sawa mzee, ila nukta bado ipo." Jina likamganda, naye hakununa, maana moyoni alilichukua kuwa sifa.

Kazi yake ilikuwa kuandika kumbukumbu za vikao. Alikaa kwenye meza ndogo chini ya jukwaa la Mwenyekiti, vipokea sauti masikioni, vidole kwenye kompyuta, na kila lililosemwa ukumbini lilipita mikononi mwake. Waheshimiwa wakibwabwaja, aliandika. Wakijikanyaga, aliandika. Mmoja aliwahi kumfuata koridoni, tabasamu sikio hadi sikio, akamwomba pale aliposema "wajinga hawa" pasomeke "wananchi hawa". Bi Nukta alimtazama juu ya miwani mpaka mheshimiwa mwenyewe akakumbuka kwamba ana haraka. Miaka ishirini na mbili hakuwa amebadilisha neno la mtu, na jambo hilo alilisema harusini, alilisema msibani, alilisema hata kwa muuza nyanya ambaye hakuwa amemuuliza.

Vitu vitatu tu havikuandikwa: kikohozi, kicheko na kimya. Utaratibu haukuvitambua. Mtu angeweza kukohoa robo saa mbele ya kipaza sauti, na kwenye kumbukumbu akasomeka amesema maneno mawili na kuketi.

Sasa mama huyu mkali kwa nukta alikuwa na udhaifu mmoja, nao ulikuwa mdogo wake, fundi vioo. Walizaliwa wawili tu. Wazazi walipofariki mmoja baada ya mwingine, yeye ndiye aliyemfulia sare za shule, akamtafutia mahali pa kujifunza kazi, akamsimamia mpaka akaoa. Kwa hiyo hata fundi alipokaribia miaka hamsini, masharubu yameingia mvi, machoni pa dada yake alikuwa bado yule wa kufungwa kamba za viatu. Alimfokea mbele za watu, na mtu mwingine akithubutu kumfokea, alikiona cha moto.

Karakana ya fundi ilikuwa chumba kimoja kilichotazama barabara. Ndani mlikuwa na meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, na vioo vimeegemezwa ukutani, vikubwa nyuma, vidogo mbele. Kukata kioo, kama alivyopenda kueleza, ni kazi ya pumzi moja. Unaweka rula, unashika kikatio chenye gurudumu dogo la chuma, unavuta mstari kutoka ukingo hadi ukingo bila kusita, unagonga kidogo kwa chini, na kioo kinaachana chenyewe. Ukitetereka katikati, kitapasukia kinakotaka. Na mtu wa kazi hiyo ndiye aliyekuwa akivuta sigara tangu ana miaka kumi na saba, pakiti nzima kwa siku, na kikohozi chake kilijulikana mtaa mzima. Majirani walijua amefika kazini kabla hawajasikia mlango ukifunguliwa.

Siku moja alikuwa anapandisha kioo cha dirisha kwenye jengo refu, amefika ghorofa ya tatu, kikohozi kikamshika ngazini. Kioo hakitupwi chini hivihivi. Alijaribu kukimeza kile kikohozi, macho yakamtoka, machozi yakamjaa, mwisho mikono ikalegea. Kipande kilimchana mkono kuanzia kifundo mpaka karibu na kiwiko. Alishonwa nyuzi ishirini na sita, na Bi Nukta alikaa kwenye benchi la hospitali akilia kwa hasira zaidi kuliko kwa huruma.

"Utakufa, mjinga wewe," alimwambia. "Utakufa uniachie nani?"

"Nimejaribu, dada."

Na kweli alikuwa amejaribu. Alijaribu kwa pipi, akaishia kuvuta huku ana pipi mdomoni. Alijaribu kwa kuapa mbele ya mkewe. Alijaribu kwa kumkabidhi dada yake pakiti zote, kisha akaonekana nyuma ya karakana anaokota vipisi vyake mwenyewe. Daktari aliyemshona, mtu wa makamo aliyechoka kusema yaleyale, aliulizwa na Bi Nukta kuhusu hizi sigara za umeme. Akavua miwani.

"Mama, nisikudanganye. Si dawa, na si kitu cha kuchezea. Miaka ishirini ijayo itakuja na lipi, sijui, na anayesema anajua anajisifu. Bora aache vyote. Lakini kama vyote vimemshinda, basi kati ya hiki na kile anachokichoma, aache anachokichoma."

Bi Nukta akaenda mwenyewe kwenye duka la vifaa vya simu, akasimama katikati ya vijana waliovaa kofia kinyumenyume, akanunua kile kidude na vichupa vya maji yake, visivyo na ladha ya matunda wala ya pipi. Fundi alikitazama kana kwamba amepewa kichezeo cha mtoto. Mke wake alikibatiza filimbi. "Wifi, umemletea mdogo wako filimbi," alimwambia Bi Nukta, na wote watatu wakacheka.

Wiki mbili za kwanza fundi alikuwa na hasira za nyoka aliyekanyagwa. Kisha zikapungua. Mwezi wa tatu mkewe alisema nguo zake sasa zinanuka sabuni. Mwezi wa sita alipandisha kioo ghorofa ya tano bila kupumzika, akashuka, akampigia dada yake simu kumweleza, naye Bi Nukta akamwambia asimsumbue kazini, halafu akaenda chooni kufuta macho. Ilipofika miezi kumi na minne, fundi hakuwa ameigusa sigara ya moto hata moja.

Hapo ndipo hoja ikaja. Baraza lilitaka kupiga marufuku sigara za umeme kabisa: kuuza, kuwa nazo, kuzivuta, mkubwa kwa mdogo. Waheshimiwa wachache walitaka ziwekewe masharti tu, wauziwe watu wazima kwa kitambulisho, ladha za kuvutia watoto ziondolewe. Baraza likaita wananchi waje kutoa maoni. Sigara ya kawaida haikutajwa popote kwenye hoja, hiyo iliachwa istarehe.

Fundi alifika nyumbani kwa dada yake mchana wa siku ya mapumziko, amevaa shati la kanisani.

"Nataka niende nikaseme."

"Wewe? Wewe uliyekimbia hotuba ya harusi yako?"

"Nitasema, dada. Nifundishe tu wanavyosema pale, nisije nikachekwa."

Bi Nukta alifurahi kuliko alivyoonyesha. Alimketisha, akamfundisha kusimama, kubonyeza kipaza sauti, kumtazama Mwenyekiti na si watu. "La kwanza ni adabu," alimwambia. "Usianze na shida yako kama mtu aliyevamia. Sikiliza wenzako wanavyoanza, na wewe anza hivyohivyo. Ukishamaliza adabu, ndiyo useme la moyoni."

"Nianze kama wenzangu," fundi akarudia, akiandika kwenye kiganja.

Siku ya maoni ukumbi ulijaa. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani alikuja na mfuko wa plastiki, akaumimina mezani. Vilitoka vidude vya rangi zote, vingine vimechorwa katuni, na harufu ya pipi ikaenea mpaka meza ya Bi Nukta. Mwalimu yule alisema amevikusanya kwenye mikoba ya watoto wa miaka kumi na miwili, akasema juu ya mmoja aliyeanguka mstarini, na sauti ikamkatika. Bi Nukta aliandika yote, na hakuna mtu mwenye akili timamu ambaye angemsikia mwalimu yule asimwonee uchungu.

Akaja mwenye kibanda, yule wa mkabala na karakana ya fundi. Huyu sigara zake zilikaa kwenye kopo moja na pipi za watoto, na alimwuzia rejareja yeyote aliyefikia dirisha. Alizungumza kwa huzuni kubwa juu ya afya ya kizazi kijacho. Alipigiwa makofi.

Na wote, mmoja baada ya mwingine, walianza kwa namna moja: "Mheshimiwa Mwenyekiti, nakushukuru kwa kunipa nafasi, na naunga mkono hoja iliyo mbele yetu." Ndivyo watu walivyoanza pale tangu enzi na enzi. Mzee mmoja aliyekuja kulalamikia mtaro uliofurika mlangoni kwake aliunga mkono hoja kwanza, ndipo akafika kwenye mtaro. Mama mmoja aliyetaka kujua kwa nini vikao vinachelewa kuanza, naye aliunga mkono. Ilikuwa ni hodi tu, wala hakuna aliyeifikiria.

Mchangiaji wa kumi na tisa alikuwa fundi. Alisimama, akabonyeza, akamtazama Mwenyekiti na si watu.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, nakushukuru kwa kunipa nafasi, na naunga mkono hoja iliyo mbele yetu. Mimi ni fundi vioo. Nimevuta sigara miaka thelathini na moja. Mwalimu amesema kweli tupu. Watoto wasiuziwe, na huyo anayewauzia mimi nikimpata sitasubiri polisi. Hizo za kunukia pipi zifungieni hata leo. Wekeni umri, wekeni kibali, mtu aonyeshe kitambulisho. Lakini sisi wakubwa tuliokwisha kuungua, msitunyang'anye. Ile ya moto nilishindwa kuiacha kwa maombi, kwa pipi, kwa aibu mbele ya mke wangu. Hii ndiyo imeniachisha. Sisemi ni nzuri, daktari wangu mwenyewe hajasema ni nzuri. Ila mkiiondoa hii, ile nyingine iko kibandani, hatua ishirini kutoka mlangoni kwangu, na sijasikia mtu hapa anataka kuiondoa hiyo. Mwenyekiti, mwaka juzi nisingesema maneno yote haya nisikatike mara kumi. Hebu sikilizeni."

Akanyamaza. Akavuta pumzi ndefu mpaka kifua kikatuna, akaishikilia, akaiachia polepole. Akavuta tena. Ukumbi mzima ulitulia. Watu waliomfahamu, waliomsikia kila asubuhi kwa miaka mingi, walisubiri kile kikohozi, na hakikuja. Mama mmoja safu ya nyuma alisema "Ahaa!" kwa sauti. Bi Nukta alikuwa ameinamisha kichwa, vidole vimesimama, kwa sababu hapakuwa na cha kuandika.

"Ahsanteni," fundi akasema, akaketi.

Kesho yake asubuhi Bi Nukta alikaa kutengeneza Jedwali la Misimamo. Hili ni karatasi moja inayowekwa mbele ya kumbukumbu zote, lina safu ya waliounga mkono, safu ya waliopinga, na safu ya wasioegemea upande. Alishuka nalo namba kwa namba, mpaka akafika kumi na tisa, na mkono ukasita.

Kulikuwa na mwongozo. Miaka tisa nyuma karani mmoja alimweka mfanyabiashara kwenye safu ya waliopinga kwa kukisia tu alichomaanisha, mfanyabiashara akaja na wakili, baraza likaaibika. Ndipo ukaandikwa mwongozo usemao kwamba msimamo wa mchangiaji ni ule aliotamka kwa kinywa chake, mwandishi hakisii. Aliyeuandika mwongozo huo ni Bi Nukta mwenyewe, na kwa miaka tisa aliupigia debe. Kutokana nao, baraza lile halikuwahi kupeleka kwenye kura hoja ambayo haikuungwa mkono na karibu kila mtu. Mzee wa mtaro ameunga mkono, mama wa vikao ameunga mkono. Jambo hilo halikuwahi kumnyima Bi Nukta usingizi hata mara moja, kwa kuwa hawakuwa ndugu zake.

Akaichukua karatasi, akaenda kwa Katibu.

"Mzee, kuna mmoja hapa, wa kumi na tisa. Ametamka anaunga mkono, ila maelezo yake yote yanapinga."

Katibu alikuwa anatafuta kalamu chini ya mafaili. "Ametamka nini?"

"Anaunga mkono."

"Na mwongozo unasemaje? Si uliuandika wewe?"

"Niliuandika mimi."

"Sasa unaniuliza nini?" Katibu akainua uso, akamtazama vizuri, na macho yakaanza kumcheka. "Au ni mtu wako, Bi Nukta?"

Neno lilikuwa moja tu. Angesema, ni mdogo wangu, naomba nijitoe. Jalada lingepewa mwandishi mwingine, na pengine huyo angepata ujasiri wa kuandika pembeni kwamba mchangiaji asomwe kwa maelezo yake. Lakini makarani nao wangepata cha kutafuna mwezi mzima. Bi Nukta naye kumbe ana wake! Bi Nukta kumbe naye anaombea ndugu! Aliwaona jinsi watakavyogongana viwiko.

"Namfahamu," alisema. "Alinitilia kioo."

Na ni kweli alimtilia, dirisha zima la jikoni, akalisafisha kwa shati lake mwenyewe mpaka likang'aa.

"Basi mwache alivyosema," Katibu akasema, akarudi kwenye kalamu yake.

Bi Nukta akamwacha. Alijifariji kwamba hotuba yote ipo, ukurasa wa sitini na tatu, neno kwa neno, na mwenye akili atasoma. Alijidanganya mchana kweupe. Miaka sita nyuma ukurasa wa hamsini wa kumbukumbu fulani ulichapwa kichwa chini miguu juu, nakala zote, na hakuna mheshimiwa hata mmoja aliyelalamika. Yeye ndiye aliyekuwa akisimulia kisa hicho na kucheka. Hata ile pumzi ya mdogo wake, iliyonyamazisha ukumbi mzima, kwenye karatasi ilisomeka hivi: Hebu sikilizeni. Ahsanteni.

Siku ya kura alikuwa mezani pake kama kawaida. Mheshimiwa mmoja alitetea masharti, akazungumza vizuri, na baadhi ya vichwa vikaanza kutikisika kumkubali. Ndipo akasimama mwingine, mnene wa sauti, ameshika Jedwali la Misimamo kwa ncha za vidole.

"Mwenzangu anasema tuwaonee huruma wavutaji. Wavutaji wepi? Ninao hapa! Mchangiaji wa kumi na tisa, fundi, mvutaji wa miaka thelathini na moja, amekuja hapa kwa miguu yake mwenyewe, na ameunga mkono. Wao wenyewe wanatuambia tuwaokoe. Sisi ni nani tukatae?"

Makofi yakalipuka. Makofi hayakuandikwa, ila maneno yale Bi Nukta aliyaandika yote, kwa vidole vyake, na nukta mwishoni. Hakuna aliyemshika mdomo. Angeweza kusimama akaharibu kikao, wakamtoa kwa nguvu, akapewa barua, akastaafu mapema. Alikaa. Marufuku ilipita kwa tofauti ya kura nne.

Fundi alipokea habari kwa upole uliomuumiza dada yake kuliko matusi. "Si kitu, dada. Angalau walinisikia. Hebu nipatie kile kitabu chenye maneno yangu, nikiweke karakana, sijawahi kuandikwa kitabuni mimi." Bi Nukta akasema bado hakijachapwa. Mara ya pili akasema zimekwisha nakala. Mara ya tatu akajifanya hakusikia, akaulizia hali ya mkono.

Vichupa viwili vya mwisho fundi alivinyonya kwa kupimapima kama mtu aliye jangwani na kibuyu. Duka la vifaa vya simu liliondoa vyote rafuni. Vijana wajuaji waliendelea kuvipata kwa mlango wa nyuma, tena vilevile vya kunukia pipi, lakini fundi hakuwa mtu wa milango ya nyuma. Vilipokwisha alikaa wiki tatu kavu. Alitafuna vijiti vya kiberiti, alikunywa maji mpaka tumbo likajaa, aligombana na wateja wawili. Kibanda kilikuwa palepale, hatua ishirini, dirisha wazi kuanzia asubuhi.

Mke wa fundi ndiye aliyeleta taarifa. Alimkuta Bi Nukta anaanika nguo uani, wala hakumsalimu.

"Wifi, shati limeanza tena kunuka."

Bi Nukta alibaki ameshika kibanio. Wakatazamana, kisha mke wa fundi akakaa juu ya ndoo iliyoinamishwa, akajifunika uso kwa kanga.

Ilimchukua Bi Nukta siku nane kupiga moyo konde. Jumamosi asubuhi akaenda karakana, na kabla hajafika mlangoni akakisikia kile kikohozi, kimerudi na deni la miezi yote kilipokuwa hakipo. Fundi alikuwa mezani. Karibu na rula palikuwa na pakiti, na karibu na pakiti palikuwa na kitabu cha jalada la kijivu ambacho Bi Nukta angekitambua hata gizani.

"Shemeji yako nani... wifi yako amenitafutia," fundi akasema, ulimi ukimparaganyika. "Alienda pale dirishani kwenu barazani akaomba, wakampa papo hapo. Ziko nyingi, wamesema. Alitaka kunifurahisha."

Bi Nukta akakaa kwenye kigoda.

"Nimesoma mimi mwenyewe, polepole. Ile pumzi yangu haimo. Hapa mbele kuna namba. Huyu wa kumi na tisa si mimi?"

"Ni wewe."

"Wameniweka kwa walioikubali ile sheria." Alisema taratibu, kidole kwenye karatasi, bila hasira, akiwa na hakika kwamba kuna maelezo na kwamba dada yake anayo. "Nani kaniweka hapa?"

"Kuna mwongozo," Bi Nukta akaanza. "Mtu akitamka kwamba anaunga mkono..."

"Si ndivyo ulivyonifundisha? Uliniambia nianze kama wenzangu."

"Ndivyo nilivyokufundisha."

"Na uliyeandika ni wewe."

"Sikubadilisha neno lako hata moja," Bi Nukta akasema, na sentensi ile aliyojivunia miaka ishirini na mbili ikamtoka mdomoni ikiwa chungu kama shubiri.

Fundi akakifunga kitabu. Lori lilipita barabarani, vioo vikatetemeka ukutani. "Unajua dada," akasema mwisho, "ingekuwa mtu mwingine kaniandika hivi, ningekuja mbio kwako unisaidie."

Akatoa sigara, akaiwasha, akageuza uso upande wa mlango ili moshi usimfikie dada yake, kwa sababu alijua haupendi, na adabu hiyo hakuiacha hata siku hiyo. Bi Nukta alitaka kusema nisamehe. Neno lilifika kwenye meno likakwama, maana aliona ni dogo mno kwa kazi iliyokuwa mbele yake. Alikuwa amemlea mtoto huyu, akamwokoa, kisha akamkana mbele ya Katibu kwa kuogopa kuchekwa na makarani. Hilo halikuwa na mwongozo wa kujificha nyuma yake.

Fundi akazima sigara nusu, akakiweka kipisi kwenye kopo, akasimama. Kulikuwa na kioo cha mteja mezani. Aliweka rula, akashika kikatio, akainama, akavuta pumzi. Mstari ulitoka vizuri kwenye ukingo, ukaja sawasawa mpaka katikati, na hapo kifua kikamsaliti. Alijaribu kukimeza kikohozi. Dada yake aliona mabega yakipanda, shingo ikivimba, ule mkono wenye kovu ukitetemeka, kisha kikalipuka chote, akakohoa ameshikilia meza kwa mikono miwili. Gurudumu lilikuwa limeteleza pembeni. Alipokiinua kioo, kilipasuka mshazari, kikaanguka vipande.

Alipangusa mdomo kwa kiwiko, machozi ya kikohozi bado yamemjaa.

"Na hiki kikohozi nacho," aliuliza, "hakiandikwi?"

"Hakiandikwi," Bi Nukta akajibu.

Fundi akatikisa kichwa, akachukua ufagio, akamwambia dada yake asogee nyuma kwa sababu amevaa ndala na vipande vimefika mpaka kwake.